Futi ya Bwana Chilumba

Alikuwapo Bwana Chilumba, mwenye kisima pekee mtaani na akili kuliko mtaa mzima, kwa maelezo yake mwenyewe. Siku moja alimwita Somoe, muuza maji, mbele ya majirani.

"Ndoo zako za lita ishirini zinapunja. Leo tangi langu tupu la samaki litakuumbua."

Akatoa futi.

"Pimia kwa nje, Bwana," Somoe alisihi, "vidole visichafue kioo kwa ndani."

Bwana alifurahi kukutana na maskini anayeheshimu kioo. Akapiga hesabu kwa sauti: sentimita mia, mara hamsini, mara arobaini, gawanya kwa elfu.

"Lita mia mbili. Ndoo kumi zisipolijaza, punda wako ni wangu."

"Na zikizidi?"

"Hesabu yangu haikosei, mama. Zikizidi, chukua kisima."

Somoe akamimina. Kwa ndoo ya tisa maji yalikaribia ukingo. Ya kumi, karibu yote, ikaishia kwenye zulia.

"Umeongeza maji," Bwana alifoka.

"Ndoo ni zilezile, Bwana. Wewe umepima pamoja na unene wa kioo, na maji hukaa ndani. Naomba ufunguo wa kisima."