Dari la Shekuwe

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa nyumba!
Na juu yake?
— Dari!
Na chini ya dari?
— Bahili!

Basi mmeshamjua kabla sijamtaja. Hapo zamani, si zamani sana, maana saruji ilikuwa imeshaingia mjini, paliondokea bwana mmoja akiitwa Shekuwe. Nyumba yake ya mawe ilitaka dari jipya la kukingia mvua. Na dari la haki ni chokaa na kokoto, hupigwa kwa vigongo mpaka lishikane, huku wapigaji wakiimba aibu za mwenye nyumba. Ndiyo desturi. Mwenye nyumba hupika pilau, akanyamaza.

Shekuwe hakutaka pilau yake iliwe, wala aibu zake ziimbwe. Akanunua saruji. Asubuhi likapakwa, jioni limekwisha, kimya. Akatembea kifua mbele. Mbio za sakafuni, jamani, huishia ukingoni.

Mvua ya kwanza, likavuja ukumbini. Ya pili, likavuja jikoni. Ya tatu, likavuja kitandani, upande wa mkewe, Bi Mwanatumu. Naye akafunga kanga zake, akasema tone jingine likimwangukia anarudi kwao. Shekuwe akaingiwa na hofu. Alimpenda mkewe, na yeye mwenyewe kupika hajui.

Saruji ikabanduliwa, wapigaji wakaitwa. Waliobaki tangu saruji iingie ni vikongwe watatu tu. Akawaomba wapige bila kuimba. Wakapiga, kila mmoja na wakati wake, vigongo vikagongana, kidole cha mkubwa wao, Bi Zaharia, kikavimba.

"Bila wimbo mikono haikutani," akasema Bi Zaharia.

"Basi imbeni."

"Tuimbe nini? Aibu zako hatuzijui, hujatualika hata chai. Panda uimbe mwenyewe. Mficha uchi hazai, mwanangu."

Mnadhani alipanda?
— Alipanda!

Akaimba kwamba nyama huila stoo, mkewe akila mchuzi. Tu, tu, tu. Akaimba kwamba weusi wa ndevu zake ni piko. Tu, tu, tu. Akaimba kwamba humwogopa paka wake mwenyewe. Tu, tu, tu. Na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote ni Bi Mwanatumu, chini, akipalia pilau makaa. Yote aliyajua siku nyingi.

Dari likashikana. Mpaka leo mvua ikinyesha, Shekuwe hulala mkavu, mkewe ubavuni. Ila mvua hiyohiyo huwaleta watoto wa mtaa kujikinga barazani kwake, na wakishakaa huanza kuimba. Paka naye huja kusikiliza.

Ngano yangu imekauka. Ikiwa tamu, ni yenu nyote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Shekuwe.