Jipu Lililosemwa Nusu

Isome polepole hadi mwisho, kisha mtumie mtu unayempenda, hasa kama anaendesha watu.

Palikuwa na dereva mmoja huko milimani, kwenye kata yenye zahanati moja na gari moja tu aina ya jipu. Jina lake Ambakisye. Jipu hilo ndilo lililowateremsha wajawazito na wagonjwa mahututi hadi hospitali ya bondeni, kwa barabara ya mawe na makorongo ambayo magari mengine yaliikataa. Ambakisye aliliendesha mpaka mvi zikamjaa kichwani, na hakuwahi kumwangusha mtu. Wanawake walimtania kwamba ukipanda naye unaweza kupakata kibuyu cha maziwa kisicho na kifuniko. Alijifanya hasikii, lakini utani ule aliupenda kuliko chakula.

Basi mwaka mmoja usukani ukaanza kutikisika. Gurudumu la mbele likikanyaga shimo gari likiwa kwenye mwendo, usukani ulimpigapiga mikononi kama mbuzi anayekataa kamba, jipu zima likatetemeka, na halikuacha mpaka asimame kabisa. Akapunguza upepo wa tairi. Akazihamisha za mbele kuzipeleka nyuma. Akapiga balansi magurudumu yote. Kila alichofanya kilileta nafuu kidogo, kisha mtikisiko ukarudi na hasira zaidi.

Akaenda kwa fundi Gwamaka, pale njia panda. Fundi akaingia uvunguni, akamwambia azungushe usukani kushoto na kulia huku injini ikinguruma. Alipotoka alimweleza alichokiona. Kuna chuma kirefu kinachoishikilia ekseli ya mbele isihame kwenda pembeni. Bushi yake, ile pete ya mpira kwenye kiungo, ilikuwa imekwisha, na tundu la boliti limepanuka hata boliti inacheza ndani. Gari likipigwa na shimo, ekseli inahama, magurudumu yanaanza kugombana, na ugomvi wao unapanda hadi kwenye usukani. Ilibidi tundu lichomelewe na kutobolewa upya, na jipu lilale gereji mpaka bushi mpya ifike kutoka mjini.

Ambakisye akaona giza. Jipu likilala gereji, kamati ya zahanati itauliza kuna nini, na ndani ya kamati walikuwamo waliokwisha kunong'ona kwamba mzee apishe damu changa. Akauliza kama hakuna njia fupi.

Njia fupi ilikuwapo. Ni shokapu ya usukani, ile ndogo inayolala mbele ya ekseli na kumeza mitikiso. Ikifungwa mpya, tena ngumu, mikono haitasikia kitu.

"Ila nitakuwa nimeunyamazisha tu, mzee," Gwamaka akasema. "Sijautibu."

"Nyamazisha," Ambakisye akajibu.

Fundi akaifunga, maana mteja ni mteja. Usukani ukatulia tuli. Wanawake wakarudi na utani wao wa maziwa, kamati ikafunga mdomo, na Ambakisye akajiahidi kwamba atarudi gereji mambo yakipoa. Mambo hayakupoa, maana wagonjwa hawakosekani. Mwisho akaacha hata kujiahidi.

Kisha mgongo ukamgomea. Ikabidi jipu ampe Lusajo, mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, kijana makini aliyejifunzia udereva kwa kaka yake huyo huyo.

Madereva wa milima ile wana desturi yao, wanaiita kulisema gari. Anayetoa anaweka ufunguo juu ya boneti, halafu wawili hao wanalizunguka gari, na yeye anagusa kila mahali penye ugonjwa na kuutaja. Breki inavuta kushoto, anasema. Mlango huu unafunguka wenyewe. Akimaliza, anayepokea anauchukua ufunguo kwa mkono wake. Ugonjwa uliotajwa si aibu ya mtu. Usiotajwa unabaki shingoni mwa aliyeuficha.

Kamati nzima ilikuja kushuhudia. Ambakisye akagusa breki, akasema. Akagusa taa, akasema. Alipofika mbele, akainama kwa taabu ya mgongo wake na kuiona ile shokapu, bado inang'aa. Akataka kuitaja. Akawatazama wanakamati, akawaona wale wa minong'ono wamesimama mstari wa mbele, akanyooka.

"Huku mbele pazima," akasema.

Lusajo akachukua ufunguo.

Hazikupita wiki nyingi, Tumpe, binti pekee wa Ambakisye, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na nesi akasema wasichelewe hata kidogo. Ilikuwa mchana kweupe, barabara kavu. Ambakisye alimpakia binti yake mwenyewe, akamfunika khanga miguuni, akafunga mlango. Lusajo akateremka kwa kasi, kwa kuwa baba mtu alikuwa amemsihi awahi.

Kwenye mteremko wa mwisho boliti ikachana tundu. Ekseli ikahama, jipu likaelekea kulikotaka lenyewe, na kule kulikuwa na korongo.

Tumpe alifia pale, na mtoto wake ndani yake. Fundi Gwamaka aliitwa kusaidia kulivuta jipu. Akakiona kile chuma kinaning'inia, akamtazama Ambakisye, kisha wote wawili wakatazama chini.

Matangani watu walimlaani Lusajo. Walisema ni mwendo, ni ujana, ni kiherehere. Ambakisye alikaa kwenye mkeka akiyasikia yote, na hakufungua mdomo.

Baada ya maziko alikwenda hospitali. Lusajo alilala na miguu yote miwili kwenye plasta. Alipomwona kaka yake akalia.

"Kaka, nimekuulia mtoto," akasema. "Nilikuwa naisikiliza stelingi njia nzima, kama ulivyonifundisha. Haikutikisika. Ingetikisika hata mara moja tu, ningesimama."

Wodi ilikuwa imejaa. Wagonjwa wengine walikuwa wakisikiliza, na shemeji yao aliyekuja naye alikuwa mlangoni. Ambakisye alijua kwamba sentensi moja tu ingemtua mdogo wake mzigo ule. Akamshika mkono.

"Nimekusamehe," akasema.

Habari ikaenea kata nzima, watu wakamsifu Ambakisye kwa moyo wake mkubwa. Hadi leo wanampisha njiani. Lusajo anatembea kwa magongo, hajagusa usukani tena, na kila akikutana na kaka yake anainamisha kichwa na kumshukuru.

Funzo: Mtikisiko ni onyo linalokuja ungali na muda wa kusimama. Ukiunyamazisha bila kuutibu, hatari haijaondoka, umeinyang'anya sauti tu, na atakayeumia ni yule uliyemkabidhi ufunguo bila kumwambia.