Shahidi wa Maji

"Ukimng'oa shahidi, kumbuka aliposimama." Juzi mliisikia mkutanoni mkaanza kukonyezana: shahidi gani huyo anayeng'olewa kama muhogo? Haya, acheni kucheka, mjue methali hii ilianza hivi.

Shahidi ni kangaga, ule mmea wa majani yaliyochanika kama kitana, mnaoukanyaga kila siku. Watu wa milimani waliuita shahidi wa maji, kwa kuwa hauoti ila pale ardhi inapoficha maji. Kumng'oa shahidi kulikuwa mwiko. Mwenye shamba alilima akimzunguka, na kiangazi kilipozidi wazee walikwenda "kumwuliza", yaani kuchimba pale alipoota.

Mkawasi hakuyajua hayo. Aliolewa kutoka tambarare, ambako kangaga hulipati hata la dawa, akaja na jembe jipya na hamu kubwa ya kusifiwa. Mama mkwe wake, Wawuda, alikuwa kitandani kwa maradhi ya miguu. Basi Mkawasi akalivamia shamba la bondeni peke yake, akang'oa makangaga yote, akayachoma, akapanda maboga. Siku jirani alipomtajia jina la mmea ule na mwiko wake, moyo ulimpasuka. Mke aliyevunja mwiko alikuwa akirudishwa kwao. Akafyata ulimi.

Kisha mvua zikakatika. Chemchemi ikawa tope, tope likawa vumbi. Wazee wakaamua: kesho alfajiri kijiji kinahama, kinafuata mto nyuma ya nyika. Safari hiyo hata wazima waliiogopa.

"Niacheni hapa," Wawuda akamwambia mkwewe. "Niwekeeni kibuyu kimoja, mwende. Usilie, mwanangu."

Mwanangu! Tangu siku ya kwanza mama yule hakuwahi kumwita kwa jina jingine. Mkawasi alitoka mbio, kanga ikimponyoka, mpaka katikati ya kikao cha wazee.

"Tumewauliza mashahidi wote," Mzee Mwadime alikuwa akisema. "Chini yao hakuna tone."

"Yuko mmoja hamkumwuliza!" Mkawasi akasema, akihema.

"Yuko wapi?"

"Nilimng'oa mimi."

Weee! Kikao kililipuka. Mmoja akapiga kelele kwamba mwanamke huyu amewaua, mwingine akataka arudishwe kwao siku ileile. Mwadime akagonga mkongojo chini.

"Kelele hazijazi kibuyu! Binti, umemng'oa, basi. Unakumbuka aliposimama?"

Mkawasi akafumba macho. Makangaga yalikuwa mengi, na shamba lilikuwa kubwa. Lakini akayakumbuka maboga yake. Yote yalinyauka upesi, isipokuwa shina moja alilolipanda alipong'oa kangaga, karibu na jiwe lililopasuka; shina hilo lilibaki kijani hata akalionea ajabu.

"Nakumbuka," akasema. "Nifuateni."

Wakamfuata, wengine wakinung'unika, wengine wakikimbia. Mkawasi ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Udongo mkavu. Wakachimba mpaka magotini, mkavu. Wakafika kiunoni, na mtu mmoja akatupa jembe lake akaenda kufunga mizigo. Mkawasi hakuinua kichwa. Shimo lilipomfika kifuani, alichota udongo akaufinya, na alipofungua kiganja ulikuwa umeshikamana kama ugali.

"Umelowa!" akapiga ukelele. "Jamani, umelowa!"

Lo! Sasa kila mtu alitaka kushuka shimoni. Waliokuwa wakimlaani walimnyang'anya jembe ili wachimbe wao. Maji yakaanza kutiririka, kwanza kama jasho, kisha yakawafunika nyayo, na vigelegele vikapanda mpaka kule juu ambako Wawuda alikuwa amelala akiuliza kuna arusi gani. Kibuyu cha kwanza Mkawasi mwenyewe alimpelekea Wawuda, akakimwaga nusu njiani kwa kukimbia. Mama yule alikunywa maji yenye tope akasema hajaonja matamu kama hayo.

Jioni mtu mmoja, maana hawakosekani, akauliza, "Na ule mwiko je?"

Mzee Mwadime akamtazama Mkawasi, aliyejaa udongo mpaka kwenye kope.

"Sasa shahidi wa maji ni huyu," akasema. "Nani kati yenu atamng'oa?"

Wakaenda kufungua mizigo yao. Na hakuna aliyehama. Ndiyo maana hadi leo, mtu akiharibu jambo kisha akataka kujificha, sisi hatumpigi kelele. Twamwambia tu: ukimng'oa shahidi, kumbuka aliposimama.