Farasi Majivu na Njuga za Barabara ya Mfalme

Sogeeni, kaeni mnavyoweza. Anayetaka kunyoosha miguu na anyooshe, kwa kuwa hadithi ya leo ni ya miguu iliyochoka.

Sitawaita kwa mwito mliouzoea. Leo nikisema "Njuga," ninyi jibuni, "Tumesikia." Tujaribu.

Njuga.

— Tumesikia.

Njuga.

— Tumesikia.

Vema. Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu zetu waliiita kale, katika nchi ya Uchina palikuwa na mfalme, na mfalme alikuwa na barabara. Barabara ilianza kusini kwenye joto, ikapanda milima, ikashuka ikifuata mto mpana, mpaka ikafika mji wa mfalme. Kila baada ya mwendo wa asubuhi moja palikuwa na kituo, na kila kituo kilikuwa na farasi wake.

Kazi ya farasi hao ilikuwa moja tu. Tarishi wa mfalme alisafiri amefunga njuga kiunoni. Njuga zikisikika, farasi awe mlangoni, tandiko mgongoni. Tarishi anashuka kwa huyu, anapanda yule, anakwenda. Hakuna kuuliza amebeba nini. Hata bibi harusi akiwa ndani ya kiti chake chekundu, mabegani mwa wachukuzi, alipisha njia.

Milimani, katika Kituo cha Misonobari, aliishi farasi jike jina lake Majivu. Hakuwa kijana tena. Kila asubuhi magoti yake yalilia kama mlango wa nyumba ya zamani. Alikuwa na binti yake, Ukungu, ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka.

Sheria ilisema farasi asitandikwe mpaka meno yale yaishe. Lakini farasi wa kituo walikuwa wamepungua, mmoja alikufa bondeni, mmoja alianguka darajani, na Mzee Luo, mtunza kituo, alikuwa ameanza kumtazama Ukungu kwa jicho la kupima.

Majivu akaliona jicho lile.

"Mzee Luo," akasema, "mtoto mifupa yake bado laini. Ukimpandisha mtu sasa, atavunjika. Njuga zikilia, nitandike mimi."

"Wewe ulikwenda juzi."

"Nitandike mimi."

"Na jana ulikwenda."

"Nitandike mimi, mzee."

Mzee Luo akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkuu wake, na mkuu wake alikuwa na mkuu wake. "Haya, mama," akasema. "Mimi nataka mlangoni pawe na farasi. Ni yupi, mtaelewana wenyewe."

Njuga.

— Tumesikia.

Ilikuwa kiangazi. Tarishi alikuja mbio, mgongoni amebeba bomba la mwanzi lililozibwa kwa nta. Majivu akatoka. Akakimbia asubuhi nzima, akamfikisha tarishi kituo cha pili, akarudi kwa kutembea, kwato zinawaka moto. Njiani alijiimbia, na wimbo wake huu hapa, mwitikie nami:

*Njuga, njuga, mmebeba nini?*
*Habari ya mfalme, usiulize.*
*Majivu, Majivu, umechoka lini?*
*Juzi na jana, usiulize.*

Katika ua wa kituo alikuwapo Punda, akizungusha jiwe la kusagia mtama. Punda huyo alikuwa na mdomo.

"Dada, karibu. Leo umebeba nini?"

"Habari ya nchi."

"Umeiona?"

"Imezibwa kwa nta, nitaionaje?"

"Mimi nazunguka hapa tangu kuzaliwa kwangu," Punda akasema, "sijafika popote, lakini nikiulizwa ninasaga nini nasema mtama. Wewe umefika mbali na hujui."

 Majivu alikuwa amekwisha kulala akiwa amesimama.

Njuga.

— Tumesikia.

Ikaja majira ya majani kuanguka. Tarishi akaja mbio, safari hii amening'iniza kibuyu kidogo shingoni. Majivu akatoka. Walipofika kwenye mteremko, sauti nyembamba ikatoka kibuyuni.

"Samahani, mama. Tumekaribia?"

Majivu akashtuka. "Nani wewe?"

"Mimi Nyenje. Wamenikamata kwenye shamba la ufuta. Wanasema nina taya kubwa, naenda kupigana na nyenje mwingine mbele ya wakubwa. Na mimi sina ugomvi na mtu."

"Wewe ndiye habari ya nchi?"

"Sijui habari yoyote, mama. Najua shamba la ufuta tu. Hebu punguza mwendo, tumbo linanisokota."

"Siwezi kupunguza," Majivu akasema. "Njuga zinalia."

Wakaendelea, mmoja anahema, mwingine anatapika. Majivu aliporudi hakumwambia Punda lolote. Alijiambia, huenda ni mara moja tu. Wakubwa nao ni watu, wana siku zao za mchezo. Akaimba wimbo wake, lakini akauimba nusu.

*Njuga, njuga, mmebeba nini?*
*Habari ya mfalme, usiulize.*

Njuga.

— Tumesikia.

Kiangazi kikarudi. Matarishi wakawa wanakuja siku baada ya siku, wote na mabomba ya mwanzi. Meno ya Ukungu yalikuwa yameanza kung'oka, lakini bado machache. Majivu alikwenda, akarudi, akaenda. Mbavu zake zilihesabika kwa macho.

Siku moja tarishi aitwaye Dong aliweka bomba ukutani ili anywe chai mara moja. Punda akalinusa. Akaona nta inanukia utamu. Akaitafuna.

Matunda yakamwagika uani. Mnayajua mashokishoki? Haya ni ndugu zake, yanaitwa lichi. Ganda jekundu lisilo na manyoya, ndani nyama nyeupe yenye maji, na yakishachumwa hayachukui siku nyingi kuharibika.

Punda akala moja. Akaketi chini, akacheka mpaka jiwe la kusagia likasimama.

"Dada Majivu, njoo uone nchi ilivyo tamu."

Majivu akaja polepole. Akayatazama matunda. Hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu.

"Yule wa bondeni," akasema, "alikufa kwa haya?"

"Kwa haya."

"Na yule wa darajani?"

Punda akaacha kucheka.

Dong alikuwa amepiga magoti anayaokota. "Msiniangalie hivyo," akasema. "Yakioza kabla hayajafika, mgongo utakaochapwa ni wangu."

Majivu akamtazama kijana yule, akageuka, akasimama penye tandiko. "Twende," akasema. "Haya nitakubebea. Ya kesho sijui."

Lakini Punda hakuweza kunyamaza. Alipanda juu ya kichuguu akalia kwa sauti yake ile, na punda wa kituo cha pili akasikia, naye akalia, na wa tatu akasikia, naye akalia: "Ni matunda. Njuga zote ni matunda." Tangu siku hiyo farasi wa barabara nzima wakisikia njuga, walilala chini. Waliochapwa walichapwa, kisha wakasimama, wakatembea kama wanaokwenda mazikoni.

Njuga.

Nasema, njuga.

— Tumesikia.

Mbona mmejibu polepole? Msiseme, najua. Mmechoka kuitwa. Na mimi siwalaumu.

Mvua zikaanza. Zilinyesha bila kupumua. Asubuhi moja njuga zikasikika milimani, na katika Kituo cha Misonobari hakuna aliyeinua kichwa. Punda akasema, "Hizo ni lichi."

Alikuwa Dong. Farasi wake alianguka mlangoni. Dong alikuwa na matope mpaka kifuani, na hakubeba bomba.

"Tuta la mto limepasuka huko juu," akasema. "Maji yanakuja. Chini ya kituo cha nne kuna vijiji vya miti ya miforosadi, watu wanalisha majani yake viwavi vyao vya hariri, hawajui. Mzee, nipe farasi."

Majivu akamnusa. Hakunukia utamu. Alinukia mto.

Akajaribu kusimama. Miguu ya mbele ikasimama, ya nyuma ikakataa. Akajaribu tena, akaanguka kwa magoti. Akajaribu mara ya tatu, akabaki chini, anahema.

Ukungu akatoka bandani. Hakuna aliyemwita. Akasimama mlangoni, pale mama yake alipozoea kusimama.

"Mzee Luo," akasema, "nitandike mimi."

Mzee Luo hakumgusa. Alimtazama Majivu.

Majivu akamtazama binti yake. Katika barabara yote ile, kutoka kusini mpaka mji wa mfalme, miguu mizima iliyobaki ilikuwa hiyo minne, na ilikuwa mizima kwa sababu yeye alikimbia badala yake. Sasa aseme nini?

"Tandiko lisikazwe sana," akasema. "Ngozi yake haijazoea."

Mzee Luo akafunga mikanda. Dong akapanda, Ukungu akaondoka.

Punda akakimbilia kichuguuni, akalia kwa nguvu zake zote: "Amkeni, safari hii ni kweli. Ni mto, ni mto." Na punda wa kituo cha pili akasema, "Yule wa milimani ana utani," akarudi kwenye jiwe lake.

Ukungu akafika kituo cha pili. Farasi wamelala.

"Leo ni lichi au nyenje?" wakamwuliza.

"Ni maji."

"Hata maji ya chai sasa yanapigiwa njuga? Pita, mtoto, pita."

Akapita. Akafika kituo cha tatu. Farasi wamelala. Akafika kituo cha nne, nako farasi wamelala, hata mmoja hakufumbua jicho. Mwendo uliopangiwa farasi wanne, Ukungu akaukimbia peke yake, na povu mdomoni mwake lilikuwa jekundu.

Akafika kwenye vijiji alfajiri ya siku ya pili. Watu wakamwona mnyama mdogo anayeyumba, na tarishi anayepiga kelele bila sauti, na matope yale. Hawakuuliza. Wakabeba watoto, wakabeba wazee, wakabeba na sinia za viwavi vichwani, wakapanda kilimani.

Maji yakaja. Yakachukua nyumba, yakachukua miforosadi. Watu yaliwaacha, isipokuwa wachache waliorudi kuchukua kitu. Daima wapo wanaorudi kuchukua kitu.

Mfalme akasikia. Akamwita Bwana Wei, mkuu wa barabara, akamwuliza kwa nini habari ya mafuriko ilibebwa na mtoto.

Bwana Wei akaweka paji la uso sakafuni. "Farasi wamechoka, Mtukufu."

"Wamechoshwa na nini?"

"Na lichi, Mtukufu. Bibi aliziagiza."

Bibi alikuwa mke kipenzi wa mfalme, mzaliwa wa kusini. Alikuwa amekaa kando, mikono ndani ya mikono ya joho lake. Akainua uso.

"Mimi niliagiza?"

"Bibi, siku moja ulisema umezikumbuka lichi za kwenu."

"Nilisema nimezikumbuka. Sikusema leteni."

Bwana Wei akarudisha paji la uso sakafuni. Kweli hakuagizwa. Alisikia neno kwa mtumishi, akaliongezea haraka kidogo. Aliye chini yake akaongeza haraka yake, na wa chini ya huyo yake. Neno lilipofika kusini lilikuwa limefungwa njuga. Wote hao walitaka kumfurahisha mtu, wala hakuna hata mmoja aliyemtakia farasi mabaya. Hawakumwona tu.

"Na tena," bibi akasema, sauti imeshuka, "sisi hatukuwa watu wa kula lichi mbichi. Mbichi ziliuzwa. Mama yangu alianika zilizobaki juani, zikawa nyeusi, zimesinyaa, tukazila wakati wa baridi. Hizo ndizo nilizokumbuka. Hizo zingekuja hata kwa mkokoteni wa ng'ombe."



Tangu siku hiyo lichi zilikuja kwa mkokoteni, zimekauka, mara moja kwa mwaka. Njuga zikawekwa ukutani.

Na Majivu? Majivu alisimama mlangoni mwa kituo kila siku. Miguu ya nyuma ilimrudia kidogo. Punda alizungusha jiwe bila kusema, na mtu asiyemjua angedhani ni punda mpole.

Ilikuwa mchana, theluji ya kwanza imeanza kudondoka, Majivu aliposikia kwato. Hapakuwa na njuga. Kwato tu, tatu zinakanyaga na moja inaburura.

Ukungu akatokea kwenye misonobari. Dong alikuwa anatembea kando yake, amebeba tandiko yeye mwenyewe.

Mzee Luo akatoka, akamtazama farasi yule. Jicho la kupima halikuwapo tena.

"Umechoka?" Majivu akamwuliza binti yake.

"Nimechoka, mama."

"Njoo ulale."

Wakalala, mmoja amemwegemea mwingine. Siku nyingi hakuna aliyewaamsha.

Hadithi hii yatufunza hivi. Usimpigie mwenzako mwito wa hatari kwa jambo ambalo lingeweza kungoja, kwa sababu unakula miguu yake ya siku ya mafuriko. Na ukisikia mtu amekumbuka kitu, kabla hujawakimbiza wengine, mwulize ni kipi.

Njuga nazivua kiunoni, naziweka ukutani. Ziacheni hapo zilale. Nanyi kalaleni.