Kwa Nini Nondo wa Jioni Hakai Kwenye Ua la Mpapai

Sikudhani, hebu weka hiyo simu chini kidogo, utaumiza macho bure. Tangu jua lizame unamfukuza nondo wa watu kwenye mipapai yangu, na kila picha unayonionyesha ni ukungu mtupu, mwili upo, mabawa hayaonekani. Unauliza kwa nini hatui kama kipepeo. Hata mimi swali hilo lilinitatiza nikiwa mdogo kuliko wewe, nikamuuliza bibi yangu mzaa mama, naye akanieleza hivi. Wenzako nao wasogee wasikie.

Hapo kale nondo huyu mnene alikuwa mkaaji hasa. Akifika kwenye ua alitua, akakunja mabawa, akanywa yale maji matamu ya ndani taratibu, na hakunyanyuka mpaka ashibe. Ulimi wake ulikuwa mfupi tu, maana chakula kilikuwa pale pale usoni pake.

Nyumbani kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Bi Kidawa palikuwa na mipapai miwili, kaka na dada, iliyoota kutokana na mbegu za papai moja. Mpapai Dume alining'iniza maua kibao kwenye vikonyo virefu, yote yamejaa maji matamu. Mpapai Jike alikuwa na maua machache yaliyobana kwenye shina, meupe vile vile, yananukia vile vile, ila ndani hamkuwa na hata tone. Bi Kidawa aliingojea mipapai hiyo izae, wapi! Akaambiwa atie majivu, akatia. Wengine wakasema samadi, akatia pia. Alizunguka pale asubuhi na jioni asielewe kitu. Mwisho akaapa kwamba mvua zikikatika bila papai, panga litaanza na yule mwenye maua machache.

Kumbe kilichomponza Jike ni adabu yake. Kila magharibi nondo alianzia kwa Dume, akala akashiba, uso ukajaa unga wa manjano. Kisha alikwenda kwa Jike, na kwa kuwa nguo ni moja na manukato ni yale yale, akadhani ni nyumba ile ile. Jike angesema nini kwa mgeni?

"Karibu, kaa. Chakula kiko jikoni," alimwambia.

Nondo akakaa, akangoja. Jike aliona haya, akazidi kuona haya, hadi kikonyo cha ua kikalegea, ua na mgeni wakaanguka chini pamoja. Nondo alijikung'uta mchanga akiwa haelewi. Jana si alikula papa hapa? Au si hapa? Jioni iliyofuata akarudi, akapotea vile vile, na ua jingine likaanguka. Mambo yakawa hayo mpaka maua ya Jike yakakaribia kwisha.

Siku moja Bi Kidawa alilijaribu panga lake kwenye shina la Jike, akaona linakata vizuri, akaingia ndani. Nondo alipofika alikuta utomvu mweupe unatiririka.

"Dada, unalia nini?"

"Mgeni wangu, nimekudanganya. Jikoni sina kitu, wala sijawahi kuwa nacho. Ukikaa, aibu inaniangusha. Usipokuja na huo unga wa kaka yangu, sizai, nakatwa. Sijui nikuambie uje au usije."

Nondo naye hakujua. Akiondoka, amemuua dada wa watu. Akitua, amemuaibisha. Kichwa kilimzunguka maskini, akabaki anapigapiga mabawa mbele ya ua, haendi mbele wala harudi nyuma. Katika kuhangaika huko uso wake ukaligusa ua, unga wa manjano ukabaki humo, na ua halikuanguka.

"Basi sikai tena," akasema. "Kwako sikai, na kwa kaka yako sikai, maana nikikaa kwake tu, watu watajua kwako hamna kitu. Nitasimama mlangoni, nitaonja kwa ulimi, niseme napita tu. Na wewe usibadili nguo wala manukato. Niache nichanganyikiwe."

Kuonja ukiwa mlangoni si kazi rahisi. Jioni baada ya jioni aliuvuta ulimi, ukarefuka, hata akawa anaukunja anapoondoka. Mvua zilipokatika Bi Kidawa alitoka na panga, akakuta vipapai vimeshikana shinani mwa Jike. Akavitazama, akalitazama panga, akalirudisha ndani.

Na tangu hapo nondo huyu hatui kwenye ua lolote, liwe na kitu au lisiwe na kitu. Anasimama hewani, ananyoosha ulimi, anapita. Mimi nikimwona huwa namkumbuka jirani Mwantumu, mnayemwita mama mdogo, ule mwaka wa njaa, alivyokuwa akija hapa kila jioni na kusimama pale mlangoni. "Sikai, shoga yangu, napita tu." Nami nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu chungu kilikuwa kimefunikwa hakina kitu.

Lete hiyo simu niione tena. Hii ya mwisho usiifute, Sikudhani. Huo mpapai aliosimama mbele yake ni ule wa jike, na ulimi ameutia mpaka ndani. Hamna kitu humo, mwanangu. Na kesho atakuja tena.