Sori ya Bwana Shekiondo

Nimetumiwa hii asubuhi, nikaona nisikae nayo peke yangu. Isome, kisha umpelekee mwenzako.

Bwana Shekiondo alitumwa na kijiji chake ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa kuhusu maafa. Mlima wa kwao uliporomoka ukafukia nyumba kadhaa, na mkewe alikuwa ndani ya mojawapo. Waliosalia walitaka kuhamishwa kabla ya masika mengine.

"Nenda ukatusemee, tusikike," walimwambia.

Basi bwana, si akajitwisha Kiingereza! Maneno marefu ya kukata pumzi, tena anayapitisha puani kama mtangazaji wa redio. Lakini kila aliyemsalimia alimuuliza, "Umesemaje?" Jioni ilipofika alikuwa haongei tena, anatabasamu tu.

Kesho yake, wakati wa kifungua kinywa, mama mmoja kutoka Mongolia, meza ya jirani, alimwagikiwa na chai ya moto mkononi. Shekiondo akaruka.

"Sori, mama! Sori sana!"

Yule mama akamkazia macho. "Sori ya nini? Wewe hukunigusa."

Loo, aibu iliyomshika! Tangu hapo akawa anakula pembeni, peke yake, na akimwona yule mama anageuza njia. Chumbani alimsemesha marehemu mkewe kwa Kisambaa, maana hakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Upweke ulimkaba hasa.

Zamu yake ya kuhutubia ikafika. Akaanza na yale maneno yake ya puani, na watu wakaanza kuchezea simu. Mara akamwona yule mama, mkono umefungwa bendeji, ameinama mbele anahangaika kumwelewa. Shekiondo akaacha kusoma hotuba yake. Akakunja karatasi, akasema polepole, kwa Kiingereza chepesi na sauti yake ya nyumbani:

"Mlima ulianguka. Ilikuwa asubuhi. Mke wangu alikuwa ndani. Majirani walikuja wakaniambia: pole. Kwa Kiingereza sisi tunasema sori. Si kwamba nimekukosea. Maana yake, umeumia, na mimi nimeona. Mvua inarudi, na mlima bado uko juu yetu. Naomba mtuone."

Simu zote zikawekwa chini. Mwenyekiti mwenyewe akauliza mlima uko wapi na watu wahamishiwe wapi. Shekiondo akajibu kila swali, na safari hii hakuna aliyesema "Umesemaje?"

Alipotoka, yule mama alikuwa mlangoni anamngoja.

"Mbona unanikimbia?" akamuuliza, neno moja moja. "Siku zote hizi nakutafuta."

"Nilidhani nilikuudhi, mama."

"Kiingereza changu kidogo. Niliuliza ili nijue." Machozi yakamlengalenga. "Nilimzika mwanangu, ndipo nikaja huku. Watu wote waliniuliza amekufaje. Sori yako sikuielewa, lakini nilirudi nayo chumbani nikalia. Leo nimejua kwa nini."

Kiingereza chote kikamtoka Shekiondo. Likabaki neno moja tu.

"Pole, mama."

Yule mama akalijaribu, ulimi mzito: "Po-le."

Mchana ule walikula meza moja.

Funzo: Ukisimama mbele ya watu wa mataifa, usitafute Kiingereza cha kukupamba. Sema neno dogo unalolimaanisha, ulifafanue taratibu. Huenda kuna mtu mle ndani anayelingojea kuliko unavyodhani.