Muhanga Alivyowatoa Watoto wa Bi Kanga Motoni

Paukwa!

Aa, mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa tena!

Pakawa! Haya, sasa nawasikia. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kuziezeka kwa nyasi, Bi Kanga aliishi na vifaranga wake watatu: Madoa, Chiku na kitinda mimba wake, Kijungu. Jirani yake alikuwa Muhanga, yule mwenye masikio marefu na makucha ya kuchimbua mchwa.

Jamani, Bi Kanga hakumpenda jirani huyo! Kila kukicha, uani kuna shimo jipya. Asubuhi moja akatumbukia na ungo wake wa mtama. Hasira zikampanda.

"Wewe Muhanga! Kuanzia leo usikanyage mlangoni kwangu!"

"Haya, Bi Kanga," akajibu Muhanga, akaenda zake kulala.

Siku hiyohiyo Bi Kanga akatundika mahindi ya mbegu juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Akachochea kuni kwa haraka, akawafungia watoto kwa komeo la nje, akachukua mtungi kwenda kisimani.

Kurudi, lo! Mahindi yameshika moto, paa limeshika moto, mlango nao unawaka. Ndani watoto wanalia, "Mama! Mama!" Mtungi ukamponyoka.

Nyati akaja mbio, akaukabili mlango kwa pembe. Moto ukamrudisha. Nyani akaparamia paa. Moto ukamrudisha. Bi Kanga mwenyewe akajitupa. Moto ukamrudisha, manyoya yanafuka moshi.

"Wanangu! Wanangu wanakwisha!"

Kelele zikamwamsha Muhanga. Akatoka shimoni, akasimama nje ya ua.

"Unasimama nini, Muhanga? Ingia!" akalia Bi Kanga.

"Mlangoni ulinikataza," akasema, "na sasa hapaingiliki. Watoto wako chumba gani?"

"Cha nyuma!"

"Nipisheni."

Akazunguka nyuma, akachimba. Fyu! Fyu! Fyu! Udongo ukaruka, Muhanga akapotea mzimamzima chini ya ukuta.

Akatoka Madoa, anakohoa. Akatoka Chiku, analia. Bi Kanga akawakumbatia, kisha akashtuka. "Kijungu yuko wapi?"

Muhanga alikwisha kurudi ndani.

Pwaa! Paa likaanguka. Nyati akafumba macho. Bi Kanga akaketi chini.

Mara udongo ukatikisika. Muhanga akatoka kinyumenyume, ncha za masikio zimeungua, Kijungu kifuani. Kifaranga akapiga chafya.

"Mama, nina njaa."

Weee! Hapo palikuwa na vigelegele! Bi Kanga alicheka na kulia kwa pamoja, akawapapasa wanawe mmoja mmoja, akaanza tena upya.

"Muhanga, baba, nilikufukuza."

"Ulinifukuza kweli. Na mimi nilikuangusha kweli. Sasa jua linazama na nyumba huna. Kwangu kuna vumbi, lakini nafasi ipo. Karibuni."

Bi Kanga akainama, akaingia shimoni na watoto wake wote watatu.

Basi, wajukuu zangu, jirani akikuudhi mgombeze, lakini usiukate ujirani. Likikufika la kukufika, huyo ndiye atakayesikia kilio chako kwanza.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, ondokeni nayo. Kama ni chachu, niachieni mimi niliyeipika.